Njaga Pwani ya Ziwa: Tangu Nyuma ya Ghala hata Ndani ya Chumba

Mji wa Kisumu, pamoja na kiunga chake cha Mamboleo kilichokaa kwenye njia iendayo Kakamega chini ya vilima vya Kajulu, uko maili chache tu kusini ya mstari wa ikweta, ule ambao wasafiri wa Busia huuvuka pale Maseno. Na kwa sababu hiyo mchana wa huko hauongezeki wala haupungui kwa kadiri ya kuhisiwa na mwanadamu, bali tangu Januari hata Disemba jua huangaza saa 12 na dakika chache, na mchana mrefu kuliko yote ya mwaka hauupiti ule mfupi hata kwa dakika moja kamili. Jambo hili, ambalo wenyeji wamelizoea hata hawalitaji, lina uhusiano mkubwa na habari ninayokusudia kuieleza. Mwaka 1912 mtaalamu wa Kifaransa aliyeitwa Julien Tournois, alipokuwa akichunguza mhopi, utumiwao katika kutengeneza bia, pamoja na mbangi, aliona kwamba mimea hiyo huharakisha kutoa maua endapo mwanga wake wa kila siku utapunguzwa; na miaka minane baadaye Garner na Allard wa Marekani wakathibitisha kwa majaribio mengi kwamba iko mimea ambayo hupima urefu wa usiku na mchana kabla ya kuchanua. Kwa watu wa nchi za kaskazini, ambako mchana wa Juni hupita saa 16 na ule wa Disemba hauzidi 8, maarifa haya yalikuwa ufunguo wa ukulima mpya wa ndani ya nyumba. Kwa watu wa pwani ya Ziwa Viktoria hayakuongeza kitu, maana mbangi wao ulikuwa ukichanua chini ya jua la Mungu bila ya hila wala gharama.

Walakini katika miaka ya karibuni polisi wa Kenya wamekuta, mara kwa mara, mibangi iliyopandwa ndani ya nyumba za kupanga mijini, katika ndoo na makopo, chini ya taa za umeme, na madirisha yamezibwa. Rai yangu, ambayo nitajitahidi kuipa ushahidi, ni kwamba mmea huu haukuingizwa chumbani na haja yoyote ya ukulima. Uliingizwa na sheria; na kila hatua uliyopiga kutoka juani kwenda gizani ina tarehe yake na hati yake katika vitabu vya serikali.

Bangi si mzaliwa wa Afrika. Asili yake ni Asia, nayo ilitufikia kwa biashara ya bahari, katika majahazi yaliyopelekwa na pepo za kaskazi na kusi baina ya Bara Hindi, Uarabuni na pwani yetu. Ukongwe wake una shahada za kutosha. Katika pango la Lalibela, nchini Uhabeshi, vilichimbuliwa vichwa vya viko vya udongo vya karne ya 14, na vilipopimwa na mtaalamu van der Merwe, aliyetoa matokeo yake mwaka 1975, vilionekana kuwa na mabaki ya bangi. Mwaka 1609 mtawa wa Kireno João dos Santos alichapisha habari za watu wa upande wa Sofala, akaeleza jinsi walivyoilima bangi na kula majani yake makavu. Na Mjerumani Hermann von Wissmann, alipopita Kasai katika nchi ya Kongo mwaka 1881, aliwakuta Washilange, chini ya mfalme wao Kalamba Mukenge, ambao walikuwa wameufanya uvutaji wa bangi kuwa kiungo cha umoja na urafiki wao, wakajiita Bena Riamba, yaani wana wa bangi.

Nimezileta habari hizi za mbali kwa makusudi ya kuondoa dhana moja iliyoenea, kwamba bangi ililetwa Kisumu na vibarua wa Kihindi waliojenga reli. Ni kweli kwamba vibarua hao walikuwa takriban 32,000, na ni kweli kwamba reli yao ilifika ziwani tarehe 20 Disemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi wa njia hiyo. Lakini mmea ambao ulikwisha kufika katikati ya Kongo miaka 20 kabla ya hapo haukuwa na haja ya kungoja gari moshi ili ufike ghuba ya Winam. Misafara ya biashara ilikuwa ikizunguka ziwa kwa miguu na kwa mitumbwi muda mrefu kabla ya chuma cha kwanza kulazwa Mombasa, na mbegu ya bangi ni nyepesi kubebwa kuliko shanga.

Wajaluo huiita njaga. Atakayetaka kuielewa historia yake sharti kwanza aifahamu dala, yaani maskani ya Kijaluo, jinsi ilivyokuwa. Boma lilizungushiwa ua wa ojuok, ule mnyaa wenye utomvu mweupe uunguzao macho. Ndani yake nyumba za wake zilipangwa kwa daraja zao, ghala za mtama na wimbi zikainuliwa juu ya mawe au magogo ili mchwa na panya wasizifikie. Na nyuma ya nyumba ya mama palikuwa na kibustani kiitwacho orundu, mahali pa mboga, pa tumbaku, na pa kila mmea ambao mwenye nyumba alipenda kuuona kila siku bila kwenda konde la mbali. Bustani ya namna hii, iliyorutubishwa na majivu na samadi iliyofagiwa kutoka zizini, ndiyo iliyokuwa na udongo mzuri kuliko wote katika boma, na miche miwili au mitatu ya njaga ikipandwa humo wakati wa mvua za masika iliweza kumpita mtu mzima kwa urefu kabla ya kukomaa. Haikuwa zao la soko. Ilikuwa mali ya mzee mwenye boma, kama vile mkongojo wake na kigoda chake, na kiasi chake kilikuwa kiasi cha matumizi ya mzee mmoja na wageni wake wa rika.

Kiko kilichotumiwa kinastahili kuelezwa, kwa kuwa vijana wengi wa leo hawajapata kukiona. Watu wa pwani walikitengeneza kwa kifuu cha nazi. Watu wa bara, wasio na minazi, walitumia kibuyu. Kibuyu kilitiwa maji kiasi cha nusu. Juu yake kiliingizwa digali, mwanzi mfupi unaofika chini ndani ya maji, na kichwani mwa digali kikakaa bora, kikombe kidogo cha udongo uliochomwa, ambamo majani makavu yaliwekwa na kaa la moto likawekwa juu yake. Moshi ulivutwa kwa shilamu, ule mrija wa pembeni, ukapita majini na kupoa, na kupita kwake kukatoa ile sauti ya kubwatabwata ambayo Waswahili wa zamani waliiita malio ya kiko. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 hawakuacha kutaja kikohozi kikali kilichofuata, kikohozi ambacho mvutaji mwenyewe hakukionea haya, na ambacho kilisikika boma la pili. Kwa hiyo mtu hakuweza kuvuta kwa siri hata angetaka. Chombo chenyewe kilimtangaza.

Na hapa ndipo palipokuwa na hifadhi ya zamani. Sisemi kwamba njaga haikuwa na madhara. Matabibu wa akili wa zama zetu wamethibitisha kwamba matumizi ya kudumu, hususan kwa mtu ambaye ubongo wake bado unakua, huongeza hatari ya wazimu, na wazee wenyewe walilijua jambo hilo kwa kuona, ndiyo maana walimzuia kijana. Nisemalo ni kwamba kizuizi chao kilikuwa cha umri, cha heshima na cha mahali. Kiko kilikuwa cha wazee, katika baraza ya wazee, na mtoto aliyekutwa akichezea majani yale alijibu mbele ya babu yake, si mbele ya hakimu. Upande wa pili wa ziwa, Uganda, wafugaji wanatia majani yake katika maji ya kuku mpaka leo wakati wa maradhi. Na nani angeweka dawa ya kuku mahali pa siri?

Sheria iliyoigeuza hali hii ilitungwa mbali na ziwa, kwa sababu ambazo hazikulihusu ziwa. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imekwisha kuichunguza bangi kwa marefu na mapana katika milki yake kubwa ya Bara Hindi: Tume ya Bangi ya mwaka 1893 hata 1894 iliwasikiliza mashahidi zaidi ya 1,000, ikaandika majuzuu kadhaa, ikakata shauri kwamba matumizi ya kadiri hayaleti madhara makubwa na kwamba kupiga marufuku kabisa hakufai. Ungedhani kwamba serikali hiyo hiyo, ilipohitaji kutunga sheria kwa ajili ya Afrika Mashariki, ingeifungua ripoti yake yenyewe. Haikuwa hivyo. Mwaka 1912 mataifa yalifanya mapatano huko Hague juu ya afyuni, na katika kuyatekeleza, Himaya ya Afrika Mashariki ilipitisha mwaka 1913 sheria ya kuzuia matumizi mabaya ya afyuni, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1914. Na ndani ya sheria hiyo, ambayo jina lake lilitaja afyuni peke yake, bangi nayo ikatiwa. Mzee wa Kajulu ambaye hakupata kuiona afyuni maisha yake yote aliamka siku ile akiwa mhalifu kwa ajili ya miche iliyokuwa nyuma ya ghala lake, na hapana shaka kwamba ilipita miaka kabla ya mtu yeyote kumwarifu.

Yafaa kuzingatia tarehe hizo. Katika mkutano wa Geneva uliomalizika Februari 1925, mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, ndiye aliyesimama na kudai kwamba bangi ihesabiwe pamoja na afyuni na kokeini katika mapatano ya dunia, akashinda. Kenya ilikuwa imetangulia kwa miaka zaidi ya 10. Mwaka 1932 ikatungwa sheria ya madawa ya hatari, iliyofuata mapatano hayo, na mwaka 1937 Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji, ile iliyokuja kujulikana kwa jina la Sheria ya Machifu, ikampa chifu uwezo wa kutoa amri za kuzuia upandaji wa mimea yenye sumu au madhara. Hii ya mwisho naiona kuwa ndiyo iliyoumiza zaidi, kwa kuwa sheria za Nairobi zilikuwa karatasi, ilhali chifu alikuwa jirani. Alijua kila orundu, na askari wake walipita nyuma ya kila ghala wakati wa kukusanya kodi ya kibanda. Tangu hapo mmea ule ukawa kitu cha kushtakiana: mtu mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba alikuwa na silaha mpya juu ya jirani yake.

Misheni nazo zilikuwa na fungu lao. Mwaka 1906 Waanglikana wa CMS walianzisha kituo cha Maseno, na mwaka ule ule Waadventista wakafika Gendia, karibu na Kendu. Na Waadventista hasa, ambao dini yao hukataza hata tumbaku na pombe, waliwafanya waumini wao kukiacha kiko kama sehemu ya kuacha maisha ya kale. Kizazi kilichosoma katika shule hizo ndicho kilichotoa makarani, walimu na machifu wa baadaye. Naamini kwa dhati kwamba misheni ilifanya kwa hiari jambo ambalo serikali ililifanya kwa nguvu, na kwa sababu hiyo kazi yake ikadumu zaidi. Nyumba nyingi za Nyanza ziliacha njaga kabla ya kuiona pingu.

Waliosalia walisogea. Kwanza mmea ulitoka nyuma ya ghala ukaenda konde la mbali, katikati ya mtama na mahindi. Kisha ukaja muwa. Kiwanda cha Miwani kilianzishwa mwaka 1922 katika nchi tambarare ambayo njia yake huanzia pale pale Mamboleo na kupita Kibos, ambako wakulima wa Kihindi walikuwa wamekwisha kukaa; baada ya uhuru vikafuata viwanda vya Muhoroni na Chemelil, mpaka uwanda wote wa Nyando ukawa bahari ya miwa. Muwa hukaa shambani mwaka na nusu na zaidi bila kuvunwa, hupita kimo cha mtu, na hakuna aingiaye katikati yake bila sababu. Mwenye kutaka kuficha mmea wa miezi sita hakuhitaji ukuta bora kuliko huo. Hapo ndipo tabia ya ukulima wenyewe ilipobadilika: aliyepanda katika shamba la miwa hakuwa tena mzee apandaye miche miwili ya kwake, bali mtu mwenye mnunuzi mjini, kwa maana hatari ile haikubaliki ila kwa fedha. Marufuku yaliigeuza desturi kuwa biashara. Miwani iliposimama mwaka 2001, ikakabidhiwa mrasimu, vijana wengi wa uwanda ule walipoteza mshahara, na ardhi ikabaki na miwa isiyo na kinu.

Fungu kubwa la bangi ivutwayo Kisumu, hata hivyo, lilikuja na bado huja kutoka kusini, kwa Wakuria wa mpakani na hasa wilaya ya Tarime katika Mkoa wa Mara, nchini Tanzania, ambako mashamba ya bonde la Mto Mara yamekuwa yakifyekwa na mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya mwaka baada ya mwaka na kupandwa tena. Njia zake ni Isebania na Migori kwa nchi kavu, na mialo ya wavuvi kwa maji. Sitaki kuipita habari ya Migori bila kusema neno moja. Katika nchi hiyo hiyo, tangu miaka ya 1970, kampuni ya BAT iliwapa wakulima mkataba wa kulima tumbaku; walipewa mbegu, mbolea na wataalamu, wakakata miti ya kukaushia majani, na serikali ikatoza ushuru wake. Tumbaku huua wavutaji wake kwa saratani na maradhi ya moyo, na jambo hilo halina mzozo. Kwa hiyo mkulima wa Kuria aliyasimamia majani mawili yavutwayo katika udongo mmoja, moja likampatia mkataba na la pili kifungo, na mizani iliyoyapima haikuwa mizani ya siha.

Ukulima wa ndani ya nyumba haukuzaliwa kwetu. Ulizaliwa Marekani na Uholanzi. Mwaka 1983 serikali ya Kalifonia ilianza kutuma helikopta kila msimu wa mavuno kuyatafuta mashamba ya milimani, na wakulima waliokimbia helikopta waliingia vyumbani na taa kubwa za sodiamu, zile zimulikazo barabara kwa mwanga wa rangi ya machungwa. Huko taa ilikuwa na maana mbili: ilificha, na ilikuwa badala ya jua ambalo wakati wa baridi halitoshi. Walifuata kanuni ya Tournois: saa 18 za mwanga ili mmea ukue, kisha saa 12 ili uchanue. Na katika vyumba vile walizalisha mbegu mpya, fupi, za haraka, zenye ukali mwingi, ambazo zimekwisha kuzoea kuamriwa na swichi.

Mbegu hizo, zikisafirishwa mpaka Kisumu, huleta taabu ambayo mbegu ya zamani haikuwa nayo. Njaga ya ikweta, iliyokaa vizazi kwa vizazi katika mchana wa saa 12, hukua polepole na kurefuka hata inapokuwa imeanza kuchanua. Mbegu ya Uholanzi ikipandwa pale huuona mchana wa saa 12 kuwa ni ishara ya mwisho wa mwaka, ikachanua ikiwa bado ndogo. Basi anayeitaka mbegu hiyo hulazimika kuinunulia mchana wa bandia. Jua la Winam, lililokuwa likitosha kwa kila kiumbe, likawa halitoshi kwa mgeni mmoja.

Turudi Mamboleo. Kiunga hiki, ambacho watu wengi walikijua zamani kwa uwanja wake wa maonyesho ya kilimo na kwa njia panda ya Miwani, kimejaa majengo ya kupangisha, na ujenzi ukashika kasi zaidi baada ya Uwanja wa Jomo Kenyatta kufunguliwa hapo kwa sherehe za Madaraka za tarehe 1 Juni 2021. Mashamba ya Kajulu yamekatwa viploti, na katika kila kiploti pana safu ya vyumba vya kumi kwa kumi: futi kumi kila upande, ukuta wa matofali ya saruji, paa la mabati, mlango wa chuma, dirisha moja linalotazama ua, bafu ya ushirika, na mita ya umeme wa tokeni. Kijana aliyezaliwa katika chumba hiki hana orundu, hana ghala, hana ua wa ojuok. Ana kona moja nyuma ya kabati.

Na tumkadirie kijana huyo mwenye fedha kidogo, ambaye ameambiwa kwamba kupanda ndani ni rahisi. Taa ya wati 100, ambayo ni taa ndogo kwa kazi hiyo, ikiwaka saa 18 kwa siku hula yuniti 54 katika mwezi wa siku 30, na ikipunguzwa kuwa saa 12 hula 36. Ilhali daraja la bei nafuu kwa wenye matumizi madogo, tangu Aprili 2023, ni yuniti 30 kwa mwezi. Kwa taa hiyo peke yake, kabla ya kuwasha balbu ya kusomea wala kuchaji simu, amekwisha kutolewa katika daraja la maskini. Chumba chenye paa la mabati, mchana wa Kisumu, kina joto la kumtoa mtu jasho akiwa amekaa. Dirisha likizibwa na taa ikiwashwa huwa tanuri, na feni nayo hutaka umeme. Na juu ya yote, katika majengo mengi ya namna hii ukuta unaogawa vyumba haufiki darini, hata mtu wa chumba cha tatu hujua nani anakaanga omena. Harufu ya mbangi uliochanua, ambayo ni kali kuliko omena, haina pa kujificha. Kiko cha babu kilitangaza kwa kikohozi, na boma zima lilijua bila kudhurika mtu. Chumba hiki hutangaza kwa harufu, na atakayekuja ni askari.

Wamekuwapo Wakenya waliojaribu kuihoji marufuku ya bangi hadharani. Mwaka 2017 mchambuzi Gwada Ogot alipeleka ombi lake Seneti. Mwaka 2018 Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alianza safari ya kuleta mswada wa kuondoa adhabu, kufuta rekodi za waliofungwa na kuweka utaratibu wa leseni. Maradhi ya saratani yakamchukua tarehe 26 Julai 2019 kabla ya mswada kufika popote. Mwaka 2021 jamii ya Rastafari ilikwenda Mahakama Kuu. Na katika uchaguzi wa Agosti 2022 Profesa George Wajackoyah aliifanya bangi kuwa nguzo ya kampeni yake ya urais, akasikilizwa na umati mkubwa, akapata kura 61,969. Kati ya wote hao namheshimu zaidi marehemu Okoth, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyeanza na wafungwa.

Majirani wamekwenda mbele kwa njia zao. Lesotho ilitoa leseni za kulima bangi ya dawa mwaka 2017, Rwanda na Malawi zikafuata, na Uganda ikaona mabanda ya kioo na plastiki yakijengwa Kasese kwa ajili ya soko la Ulaya na Israeli. Lakini hayo ni mambo ya matajiri. Zimbabwe ilipofungua mlango mwaka 2018 iliweka ada ya leseni ya dola 50,000. Afrika Kusini peke yake ndiyo iliyomfikiria mtu mmoja na nyumba yake: tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mtu mzima apandaye na kuvuta mahali pake pa faragha, kwa matumizi yake mwenyewe, hana hatia. Kwa maneno mengine, iliurudisha mmea nyuma ya ghala. Naona kwamba huo ndio mfano ambao Bunge letu lingepaswa kuuchunguza kwa makini, pamoja na masharti makali ya umri, kabla ya kuwaza leseni za wageni.

Maana hali ya Kenya kwa sasa ni hii, na yampasa kila kijana wa Mamboleo aijue kabla ya kununua ndoo ya kwanza. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 ilirekebishwa mwaka 2022, na aliyekutwa na bangi ya matumizi yake mwenyewe, ambaye awali aliweza kufungwa miaka 10, sasa aweza kufungwa isiyozidi 5 au kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000. Kupanda, hata hivyo, ni kosa jingine lenye kifungu chake, nalo halipimwi kwa idadi ya miche wala kwa nia ya mpandaji: adhabu yake ni faini ya shilingi 250,000 au mara tatu ya thamani ya mimea, ikitazamwa iliyo kubwa zaidi, au kifungo kisichozidi miaka 20, au yote mawili, na anayeruhusu ardhi yake itumiwe kwa kazi hiyo hushtakiwa kwa kifungu hicho hicho. Mwenye mche mmoja chini ya taa ya wati 100 na mwenye ekari kumi katikati ya miwa husomewa shitaka moja.